Betri Rahisi ya Baba Gladness

Ndugu zangu wa mlimani, na ninyi mlioshuka kukaa mjini mkasahau njia zetu, nataka kuwasimulia habari ya jirani yangu Aminieli na betri yake ya pikipiki. Simsengenyi. Mwenyewe anajua nasimulia, na mke wake Yuditha ndiye aliyenituma.

Mwaka 2003 asubuhi zetu hapa Old Moshi zilikuwa za amani. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, kwa hiyo wengi tulikuwa tumegeukia ng'ombe wa maziwa. Sisi kina mama tulishuka bondeni kukata majani, tukapanda nayo kichwani kwenye njia nyembamba iliyobanwa huku na huku na masale, ile mimea yetu ya mipakani. Mzigo wa majani ukishuka usoni, unaona vidole vya miguu yako tu. Aminieli ndiye aliyepeleka mjini maziwa ya kikundi chetu kwa pikipiki. Kila kona alipiga honi, nasi tukajibanza kwenye masale mpaka apite. Hatukuwa na kinga nyingine zaidi ya honi hiyo.

Betri yake ilipoanza kuchoka hakushtuka, na hapo ndipo sisi watu wa mteremko tunapojidanganya. Kiki ya kuwashia pikipiki kwa mguu ilikuwa imekatika zamani, lakini nani anahitaji kiki huku kwetu? Unaiegesha ikitazama chini, unaiachia iserereke, unaingiza gia, inawaka. Wengine huserereka injini imezimwa mpaka kanisani ili kubana petroli. Mtu anaweza kukaa na betri mbovu mwaka mzima, mlima ukimsitiri.

Yuditha aligundua kwa sababu ya honi. Ilikuwa imekauka sauti, kama mtu mwenye mafua. Mwanamke yule si wa maneno mengi. Alimuuza beberu aliyekuwa akimnenepesha kwa ajili ya Krismasi, akamkabidhi mumewe fedha zote. "Baba Gladness, nunua mpya," alimwambia. "Dukani, siyo barabarani. Kina mama wanapita njia hiyo, na mimi nikiwemo."

Aminieli akashuka mjini. Muuza duka alimweleza kwamba betri mpya lazima itiwe maji makali na kuchajiwa taratibu hadi kesho yake, la sivyo itakufa mapema. Tena hakutaka kupunguza bei. Sasa mjue kwamba Aminieli alikuwa na sifa ya kujua kupatana bei, na sifa hiyo aliipenda kuliko chakula. Aliondoka pale amenuna, akaenda zake Himo siku ya soko.

Huko Himo alimkuta kijana mmoja, Sirili, amepanga betri zake juu ya gunia, zimeoshwa zinang'aa na kubandikwa karatasi mpya. Wakavutana. Aminieli akajifanya anaondoka, akaitwa, akarudi, akaondoka tena. Mwishowe akaipata chini ya nusu ya bei ya dukani. Sirili akaifunga palepale na kubonyeza honi, hata wauza ndizi wakageuka. Ninyi mnaojua betri mmeshacheka. Betri kuukuu iliyotiwa maji mapya na kuchajiwa jana itapiga kelele mbele yako vizuri sana. Swali ni itapiga mpaka lini, na swali hilo Aminieli hakuliuliza.

Chenji ikaishia kwenye nyama na pombe ya mbege, akiwasimulia rafiki zake jinsi alivyomkaba mtu wa Himo. Nyumbani akamwambia mkewe kwamba ni betri mpya, ya dukani.

Haikuchukua muda. Honi ikakauka tena, kisha ikanyamaza kabisa. Yuditha alipomwona akiiserereza pikipiki kama zamani, alimuuliza kulikoni. Akajibu kwamba petroli ina uchafu. Kukiri kwamba betri imekufa kulikuwa ni kukiri kwamba ameibiwa, naye alikwisha kujisifu kijiji kizima. Basi akachagua kunyamaza. Kwa kweli nikilikumbuka hilo, hasira hunipanda mpaka leo.

Ikaja asubuhi moja ya masika, ukungu umeshuka hadi migombani. Yuditha alikuwa mbele na mzigo wake, mimi nyuma yake. Aminieli alikuwa anashuka na madumu ya maziwa, injini amezima. Kwenye kona alibonyeza honi kwa mazoea, haikutoa sauti yoyote. Akatokea ghafla mbele yetu, akamgonga mke wake mwenyewe.

Maziwa yalimwagika juu ya majani. Mguu wa Yuditha ulikuwa umejikunja mahali pasipo na goti. Alimtazama mumewe, akasema taratibu, "Sikusikia honi."

Aminieli alipiga magoti kwenye matope. "Ilikuwa imekufa," alisema. "Nilijua."

Tulimbeba kwa machela ya miti hadi barabarani, akapelekwa hospitali. Alirudi na plasta hadi pajani. Nilimpelekea mtori wa ndizi, kina mama wakagawana kumkatia majani ng'ombe wake. Aminieli akaja mbele ya kitanda, ameshika jani la isale. Mnajua kwetu mtu akikujia na isale huwezi kumnyima msamaha. Yuditha alilipokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini isale halipigi honi. Tafuta betri."

Aminieli aliuza redio yake. Yuditha hakukubali aende peke yake. Plasta ilipotolewa tu, alishuka mjini kwa magongo, akaketi dukani akitazama betri ikitiwa maji. Aminieli alipouliza kama wanaweza kuichukua jioni ileile, mkewe alimwambia muuza duka kwamba wangerudi kesho yake, kwani mguu ulikuwa umemfundisha kungoja.

Kisha akatoa amri moja zaidi, na inafuatwa mpaka leo. Pikipiki hailali tena kwenye mteremko. Inalazwa kwenye tambarare, karibu na banda la ng'ombe, mahali ambapo mlima hauwezi kuisaidia. Asubuhi Aminieli hubonyeza honi kwanza. Yuditha, anayechechemea mpaka sasa, akiisikia kutoka jikoni ndipo anapotoa maziwa. Siku honi isipolia, Aminieli huyabeba maziwa kichwani.

FUNZO

Kutafuta bei nzuri si kosa, sote tunatafuta. Lakini kifaa kinacholinda maisha ya watu hakinunuliwi kwa ajili ya kujisifu. Uliza kitadumu mpaka lini. Subiri kiandaliwe inavyotakiwa. Na ukiibiwa, sema siku hiyohiyo. Kuchekwa kijijini kunapita, mguu wa Yuditha hautarudi kama ulivyokuwa.

Wewe mwenye pikipiki unayesoma haya, toka sasa hivi ukabonyeze honi yako. Mimi bado nabeba majani kwenye njia ileile, na sikuoni.