Saa Tisa na Robo

Wizi uligunduliwa Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, na aliyeugundua ni mwenye mali. Fundi, mshonaji aliyeandika riwaya za upelelezi miaka kumi na moja, alifungua jukwaa la mtandaoni anakouzia vitabu vyake akakuta riwaya yake mpya imewekwa kwa jina la mtu asiyemjua. Yeye aliipandisha Jumapili. Huyo mtu aliipandisha Ijumaa, kisha akamshtaki Fundi kwa wizi! Vitabu vingine tisa vya Fundi vilikuwa vimeshaondolewa. Alipewa hadi saa kumi jioni kujitetea, la sivyo jina lake lingefutwa milele.

Saa tatu wifi yake alifika. Alikuwa mstaafu wa kuchunguza madai ya bima, mtu ambaye kwa miaka thelathini hakumwamini yeyote aliyeunguliwa na nyumba.

"Umewaandikia wenye jukwaa?"

"Mara sita, wifi. Mara sita najibiwa na mashine. Eti 'tunathamini hisia zako'. Mwizi kavunja mlango, halafu nakamatwa mimi!"

"Kabla ya Ijumaa, nani walikuwa na kitabu hicho?"

"Watatu. Mwalimu anayenisahihishia, mchoraji wa jalada, na msusi wa hapo ng'ambo ya barabara. Msusi mtoe. Yeye naye anaandika, tunasomeana mwaka wa nane huu. Kitabu hiki kaniambia kimemkosesha usingizi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," wifi akasema, akaandika majina yote matatu.

Mchoraji, aliyepigiwa simu saa nne, aliwaka. "Majalada yangu mawili umeyakataa, sasa unaniita mwizi? Mimi sisomi hadithi zenu. Naangalia mhusika kavaa nini, basi."

Wifi aliipenda hasira ile, akapiga mstari chini ya jina lake. Saa tano na nusu alikuwa chumba cha walimu, na mwalimu naye akatia shaka, maana alikiri ameanza riwaya yake mwenyewe.

"Lakini nakala yangu hii hapa," alisema. "Nimeipata Jumatano, imekamilika. Ilinganishe na ya mwizi."

Saa saba wifi alirudi chumba cha cherehani na kusoma maoni ya wasomaji chini ya kitabu kilichoibwa. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Sikiliza huyu. 'Mji gani huu? Mume anauawa saa tisa na robo, mke yuko sokoni saa tisa na robo, mlinzi anasinzia saa tisa na robo. Saa zao zimekufa?' Kwenye nakala ya mwalimu kila tukio lina saa yake."

Fundi aliweka mkasi mezani. "Ndivyo ninavyoandika. Nikiwa sijajua jambo limetokea lini, naandika saa tisa na robo kila mahali. Saa nazipanga mwisho kabisa. Mwalimu na mchoraji niliwapa zikiwa zimeshapangwa."

"Nani ulimpa kabla?"

Fundi alitazama ng'ambo ya barabara.

Saa tisa na nusu, mteja wa mwisho alipoondoka, walimkuta msusi peke yake, anaosha vitana.

"Dada," wifi akaanza kwa upole, "kile kitabu kilichokukosesha usingizi. Muuaji ni nani?"

Msusi alifuta mikono, kisha akaifuta tena. "Si... mume?"

"Mume ndiye maiti!" Fundi alipiga kelele. "Umeniibia kitabu na hata hukukisoma!"

Msusi aliketi. "Miezi mitano sijaandika hata ukurasa. Mwezi ukipita huna kipya, jukwaa linakuficha. Msomaji akitafuta jina langu anaonyeshwa watu wengine. Nasuka mpaka vidole vinakufa ganzi, niandike saa ngapi? Nikajipa jina jingine, nikapandisha chako, ili tu jukwaa lipate cha kula. Ulipopandisha wewe nikaogopa, nikakushtaki."

"Na mimi sijachoka? Hicho nimekiandika nguo za watu ziko magotini! Ungesema umechoka, ningekaa na wewe tuandike chako. Ukaona bora unizike."

"Saa kumi kasoro dakika kumi," wifi alikatiza. "Futa mashtaka, na kitabu ukiondoe."

Msusi alibonyeza. Dakika mbili baadaye vitabu tisa vilirudi, bila pole wala samahani. Kisha simu mbili zikalia pamoja, moja ya Fundi, moja ya msusi. Ujumbe ulikuwa mmoja: *Habari, mwandishi! Mwezi unaisha na hujatoa kitabu kipya. Wasomaji wasije wakakusahau!*

Fundi aliusoma mara mbili. Mwizi na aliyeibiwa wameandikiwa yaleyale, neno kwa neno, kana kwamba kitabu cha Jumapili hakikuwahi kuwepo.

"Wapumbavu hawa," alisema, machozi ya hasira yakimtoka.

"Nisamehe, ndugu yangu," msusi alinong'ona.

"Leo hapana." Fundi alivuta kiti, akakaa mbele yake, akamkabidhi simu yenye kitabu. "Leo utakisoma. Ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na mimi nakutazama."