Sare ya Zaituni

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na sita. Nina shahada ya chuo kikuu, nina mke na watoto wanaoniheshimu. Hata hivyo, kila Idi inapokaribia hujifungia ndani. Ngoma zikianza kulia barabarani, hufunga madirisha yote... Leo nimeamua kueleza sababu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa nimerudi Tabora kutoka masomoni Uganda, kamera shingoni. Wiki ya Idi mji wetu haukuwa na mfano! Barabara ya sokoni ilijaa watu waliotoka kuonyesha nguo zao: kanzu za hariri, tarbushi nyekundu, suti za makarani, wanawake waliobadili kanga asubuhi na jioni. Mimi niliwapiga picha wakitembea. Rafiki yangu Rajabu, tuliyelelewa naye nyumba moja, alizisafisha katika chumba chake cha giza.

Fahari kuu ilikuwa vyama vya ngoma vya akina mama. Kila chama kilishona sare mpya ya Idi pili, nayo ilifichwa kama kifo cha mtemi. Mwanamke aliyetoa siri alifukuzwa, na hakualikwa tena arusini wala msibani.

Mchumba wangu, Zaituni, alikiongoza chama cha mtaa wa Ng'ambo. Posa ilikwisha kupokewa; tulingoja mfungo uishe tuoane. Mwanzoni mwa Ramadhani alivaa sare yake uani kwao, akataka nimpige picha moja tu.

"Uione wewe peke yako, bwana msomi," alisema akicheka. "Ikitoka nje, mimi si wa watu tena."

Nikaapa. Kisha nikampelekea Rajabu filamu, kama nilivyozoea.

Idi pili nilisimama njia panda, kamera tayari. Chama cha mahasimu wao kikatangulia. Nilipiga picha mbili tatu kwa furaha kabla sijaelewa nilichokuwa nikikiona. Kitambaa kilekile! Nakshi ileile ya vipepeo! Hata vilemba vilifungwa upande uleule! Na kutoka upande wa pili, Zaituni na wenzake walikuwa wanakuja...

Ngoma zote zilinyamaza.

"Karibuni, jamani!" kiongozi wa mahasimu akapaza sauti. "Tulidhani mtakuja na zenu, mbona mmevaa zetu?"

Barabara nzima ikaangua kicheko.

Jioni ile wenzake walimvua Zaituni kilemba mbele ya mama yake. Akanijia pamoja na shangazi yake, macho makavu.

"Niambie kweli. Nani mwingine aliiona picha ile?"

"Hakuna," nilimjibu.

Wasomaji, sikuwa nikidanganya! Rajabu sikumhesabu kuwa mtu mwingine. Tulikula sahani moja, tulilala mkeka mmoja... Je, mtu huhesabu macho yake mwenyewe?

"Basi ni wewe," akasema.

Wiki haikuisha, posa ikarudishwa. Zaituni akapanda treni ya Kigoma, kwa mjomba wake. Niliandika barua, zilirudi bila kufunguliwa. Mitaani waliniita muuza siri.

Miaka ikapita. Rajabu, ambaye alikuwa amehamia Usoke kulima tumbaku, akaniita akiwa hoi kitandani. Alinieleza kwamba alikuwa akimposa binti wa kiongozi wa mahasimu, na mama huyo akamwekea sharti: alete siri ya Ng'ambo. Rajabu akampa mama huyo nakala ya picha. Ikapelekwa kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, aliyetambua nakshi na kutuma kitambaa kwa treni. Binti mwenyewe hata hakumpata! Aliyasema hayo akilia. Na mimi, niliyemwita ndugu, nikainuka na kumwacha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama yake Zaituni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Mwanangu," akasema polepole, "tumemzika Kigoma mwezi uliopita. Mpaka homa inamchukua alikuwa akiniuliza: 'Mama, nilimkosea nini yule?'"

Swali hilo ndilo ninaloishi nalo. Hakuna kitabu nilichosoma chenye jibu lake, na aliyeuliza hawezi tena kujibiwa.

Ndugu zangu, nawasihi! Ukiapa kutunza siri ya mtu, usimwone yeyote kuwa ni wewe, hata mliyenyonya naye ziwa moja. Na anayekupenda akikuuliza, tafakari kabla hujafungua kinywa. Mimi nilijibu upesi mno...