Kompyuta Yangu Ilisema Jumamosi

Chaja ilikuwa moja tu, na mikono miwili iliidaka kwa mpigo. Mmoja wa kike, kucha zimepakwa zambarau. Mwingine wa kiume, unanuka dawa ya kusafishia vidonda. Ilikuwa jijini Accra, pale Circle, kwenye vibanda vya simu, ambako kila kibanda kina spika yake na kila spika ina wimbo wake, kwa hiyo hakuna aliyegeuka kuwatazama.

"Kaka, achia."

"Dada, nimeishika mimi kwanza."

"Nimeiona tangu niko kule kwa muuza kenkey!"

"Kuona! Nami nyumba za matajiri wa East Legon naziona kila siku. Zimekuwa zangu?"

Muuzaji akachoka nao. "Nyie, mnanunua au mnaoana? Semeni, kuna watu wanasubiri."

Kuukua Quansah akacheka mpaka akaachia chaja. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa kama limeshonewa mwilini, na nywele amezifunga juu. Huyo mwanamume, Ekow Amissah, nesi wa wodi ya wanaume, akamkabidhi chaja kwa sharti la namba ya simu. Namba akapewa. Haya, mengine mnayajua wenyewe: simu asubuhi, simu mchana, na waakye, ule wali wa maharage, ya kula pamoja kila Jumapili. Ekow akimtania, "Mimi na hiyo laptopu, nani mke mkubwa?" naye akijibu, "Laptopu ndiyo mke mkubwa, baba. Jipange."

Hakuwa akitania sana. Kuukua aliandika programu kwenye ofisi ndogo ya Naa Dede, mtaa wa Osu, na kazi aliyoionea fahari kuliko zote ilikuwa tovuti ya mialiko. Una harusi, una msiba, unamtoa mtoto nje apewe jina? Unaingia kwenye tovuti, unaandika siku na namba za watu wako, na kila mmoja anapata meseji. Mstari kwa mstari aliiandika yeye. Mtu akimwambia ina kasoro, alifungua laptopu yake, akajaribu, akasema, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Mjadala ukaishia hapo.

Mwezi wa kumi wa mapenzi yao, Mzee Quansah, baba yake Kuukua, akakubali ukoo wa Ekow uje kugonga mlango, yaani kuleta posa na kinywaji. Ekow akapiga simu.

"Siku gani, laazizi? Mjomba ananiuliza kila saa."

"Siwezi kukutajia kwa mdomo wangu. Unataka wajomba zako waseme msichana ana haraka?"

"Ninong'oneze basi."

"Sikunong'onezi. Baba ameniambia siku, naiingiza kwenye tovuti yangu. Wewe, mjomba, shangazi, wote mtapata meseji dakika moja. Ukoo wako uone mwana wao anaoa mtu mwenye akili!"

"Mwenye maringo," Ekow alisema, na wote wawili wakacheka.

Jumanne Kuukua akaingiza: Jumamosi, saa nne asubuhi. Akabonyeza. Meseji zikaenda.

Ijumaa yake, saa saba mchana, alikuwa ofisini anakula kenkey, ule ugali mchachu wa mahindi, na samaki wa kukaanga, anawaza gauni la kesho, simu ikaita.

"Mpenzi wa moyo wangu!"

"Kuukua, tumewakosea nini?" Sauti ya Ekow ilikuwa ngumu, hajawahi kuisikia.

"Nani tena?"

"Mjomba wangu ametoka Cape Coast saa kumi alfajiri. Mzee wa miaka sabini na moja! Amevaa kitambaa chake cha heshima, amebeba chupa za kinywaji, yeye na mashangazi watatu. Wamesimama kwenye geti lenu saa mbili nzima juani. Mbwa anawabwekea. Jirani anawaambia mmekwenda sokoni. Sokoni, Kuukua! Siku ya kugonga mlango!"

Kipande cha samaki kikamwangukia mapajani. "Ekow, kugonga mlango ni kesho."

"Ni leo."

"Kesho! Mama amekwenda soko la Kaneshie kununua vitu vya kesho!"

"Nina meseji hapa mkononi. 'Ijumaa, saa nne asubuhi.' Mjomba anayo. Mashangazi wanayo. Wote macho yameharibika?"

"Fungua tovuti yenyewe uone."

Alimsikia anahema, anabonyeza. Kisha akasema polepole, "Hapa imeandikwa Jumamosi."

"Si nimekwambia!"

"Meseji ya Jumanne inasema Ijumaa. Tovuti leo inasema Jumamosi. Na mwenye uwezo wa kuingia humo akabadilisha ni mmoja tu duniani." Akaendelea, "Baba yako ametuonea haya, sivyo? Mmebadilisha mawazo, ukaingia ukafuta, ili aonekane mjomba wangu ndiye hajui kusoma. Umenidanganya, Kuukua. Mjomba anasema ukoo wetu hautagonga mlango huo tena, na mimi sina la kumjibu."

Akakata.

Jamani, kuna kushtuka, na kuna kule kushtuka ambako hata machozi yanasahau njia. Kuukua alikaa kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Mwongo? Yeye? Ekow alipopiga tena baada ya dakika kumi, hakupokea. Alipopiga mara ya tano, akaifunga namba yake kabisa.

Kisha akafungua laptopu. Akaingiza mwaliko wa majaribio: Jumamosi, saa nne asubuhi. Meseji ikatoka: Jumamosi. Akarudia. Jumamosi. Akarudia mara kumi, na kila mara laptopu ikamjibu Jumamosi, kama mtoto mtiifu.

"Naona! Kwangu inafanya kazi!" akasema kwa sauti, peke yake, na safari hii maneno yale hayakumpa raha hata kidogo. Maana mjomba wa watu hakusoma laptopu yake. Alisoma kile kilichotoka hewani.

Akajaribu hewani, mtandaoni. Tovuti ile ile, programu ile ile, herufi kwa herufi. Akajialika mwenyewe: Jumamosi. Simu yake ikalia. Ijumaa.

"Mama yangu weee!"

Akasimama, akakaa. Akaisoma programu juu hadi chini, akaisoma chini hadi juu, hakuona kosa. Mwishowe akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maisha yake yote: akaiuliza ile seva, mashine inayoendesha tovuti huko iliko, saa ngapi kwako? Ukutani kwa Naa Dede ilikuwa saa nane mchana. Seva ikajibu: saa tatu asubuhi.

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, aliihamisha tovuti kwenda kwenye mashine iliyoko Marekani. Na huko saa ziko nyuma yetu kwa saa tano. Programu yake ilihifadhi siku peke yake, na saa ya shughuli pembeni. Siku isiyo na saa, kompyuta inaihesabu kuanzia saa sita ya usiku, kwa saa za dunia. Sasa, saa sita ya usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa mtu aliyeko Marekani, bado ni Ijumaa saa moja jioni. Seva ikaandika Ijumaa, na wala haikusema uongo. Tovuti ikifunguliwa kwenye simu ya Accra inafuata saa ya simu hiyo, inasema Jumamosi. Meseji inaandikwa na seva, inasema Ijumaa.

Na kwa nini hakujua? Kwa sababu ni mtu wa Accra! Saa zetu ndizo saa za dunia, hazipishani hata dakika. Mtu wa Lagos au wa Nairobi angeona saa zinagongana siku yake ya kwanza kazini, akajifunza. Wa kwetu anaweza kuandika programu miaka kumi asijue kwamba saa ni kitu cha kuuliza.

Hapo ndipo mshtuko wa pili ulipomkuta. Kama ni Ekow, basi si Ekow peke yake. Akahesabu mialiko yote iliyotoka tangu Jumatatu. Familia arobaini na moja. Harusi, watoto wa kupewa majina, na mazishi tisa ambayo watu wameambiwa siku siyo.

Akamkimbilia Naa Dede, aliyekuwa na simu masikio yote mawili, jasho linamtoka chini ya wigi.

"Ni kosa la kampuni za simu, mama, pole sana," alikuwa akimwambia mteja. Alipokata, Kuukua akamweleza yote.

Naa Dede akamsikiliza, akamtazama. "Umerekebisha?"

"Dakika tano zilizopita."

"Vizuri. Basi limekwisha. Ni kampuni za simu, umenisikia?"

"Naa, kuna watu wamezaa, wamefiwa! Wengine shughuli ni Jumapili, wageni watakuja kesho. Tuwaambie sasa hivi, tuwaambie kosa ni letu."

"Ukisema ni letu, nani atatupa tena harusi yake? Kuukua, nakupenda kama mdogo wangu. Ukituma ujumbe huo, Jumatatu usije."

Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Lakini akinyamaza, mzee wa Cape Coast atakufa akiamini kwamba ukoo wa Quansah ulimfungia geti makusudi. Na Ekow atakuwa amesema kweli kwamba yeye ni mwongo. Akarudi kwenye meza yake, akaandika:

"Mimi Kuukua Quansah ndiye niliyeandika tovuti hii. Siku mliyotumiwa wiki hii si sahihi, na kosa ni langu, si la mwenyeji wenu wala la kampuni ya simu. Siku ya kweli ni inayofuata ile. Nawaomba radhi."

Akatuma kwa kila mtu aliyealikwa na familia zote arobaini na moja. Akachukua mkoba wake na kikombe chake, akatoka.

Saa kumi jioni, akiwa kwao chumbani amejifunika khanga uso, simu ikaita namba asiyoijua.

"Binti, huu ujumbe umetutumia sisi peke yetu?" Sauti ya mzee, nzito, na nyuma yake gari linanguruma.

Kuukua akaruka kitandani. "Hapana, mjomba. Kila mtu."

"Hata wasiokujua?"

"Hata wao."

"Na mwajiri wako amesemaje?"

"Amesema nisirudi."

Mzee akakohoa. "Dereva," akaita, "tafuta mahali ugeuze. Tutalala Accra kwa binamu yangu." Kisha akamrudia. "Mwambie baba yako kesho huyo mbwa afungwe."

Jumamosi saa nne kamili wakagonga. Geti likafunguliwa kabla hawajagonga mara ya pili. Sebule ikajaa: mashangazi katika magauni ya buluu na nyeupe, mjomba na kitambaa chake kimepitishwa begani, chupa za kinywaji zimepangwa mezani. Ekow hakuwepo, ndiyo desturi yetu, mwenye kuoa hukaa mbali wazee wakamsemea. Kuukua akaitwa. Akaja na gauni la rangi ya dhahabu na macho yaliyovimba.

"Binti yangu," Mzee Quansah akauliza, "hawa wageni unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Kinywaji chao tukipokee?"

Kuukua akazitazama chupa. Mama yake akakohoa kwa nguvu.

"Kuukua, nauliza mara ya pili. Tukipokee?"

"Bado."

Salaale! Shangazi mmoja akashika kifua. Mama mtu akasema, "Mwanangu, umelogwa?"

"Hamkulala kwenu kwa sababu yangu," Kuukua akawaambia wageni, akapiga magoti. "Niliwakosea, nimeomba radhi, na naomba tena. Lakini mwenzenu ameniita mwongo. Hakuniuliza hata neno moja. Nikiingia nyumbani kwake na jina hilo, nitaishi nalo. Siingii."

Watu wakatazamana. Mjomba akaingiza mkono ndani ya kitambaa, akatoa simu, akabonyeza, akaiweka mezani kati ya chupa. Iliita mara moja tu.

"Mjomba! Wamepokea? Niambie haraka, nimejifungia kwenye stoo ya mashuka, sista ananitafuta wodi nzima! Tangu jana hapokei simu zangu. Sijala, mjomba. Nimelia mpaka mgonjwa wa kitanda cha sita amenipa pole, na yeye ana mguu uliovunjika!"

"Sema naye mwenyewe," mjomba akasema. "Yupo hapa."

"Yupo? Na... nani mwingine yupo?"

"Koo zote mbili."

Ikasikika pumzi, kisha kitu kama ndoo ikianguka. Kila mtu pale alijua atakata simu. Hakukata.

"Basi sikieni wote," Ekow akasema. "Kuukua, nilikuita mwongo. Wewe, ambaye ungeweza kunyamaza ukabaki na kazi yako. Nilikuhukumu kabla sijakuuliza, na hasira za mjomba nikazishushia kwako kwa sababu niliogopa kuzibeba. Hakuna aliyenidanganya. Nimekosa mimi. Ukikataa kinywaji hicho sitamlaumu mtu. Lakini nakupenda, na wazee wasikie. Nakupenda!"

Shangazi aliyekuwa ameshika kifua akaanza kujifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Kuukua alikuwa bado amepiga magoti, mashavu yamelowa, anaitazama ile simu.

"Mara ya tatu," Mzee Quansah akasema taratibu. "Tukipokee?"

"Pokeeni, baba."

Vigelegele vikapasua sebule. Mjomba akanyanyua mkono watu wanyamaze, akainamia meza.

"Ekow."

"Naam, mjomba."

"Toka stoo. Umepata mke."