Uso wa Mbodze

Jumamosi hiyo mtaa wetu wa Kuze ulinukia mahamri na kahawa, kama Jumamosi yoyote. Binamu yangu Mbodze alinipitia twende kwenye maonyesho ya mumewe Charo, mfinyanzi, katika nyumba moja ya mawe huko Mji wa Kale. Mada ilikuwa ugonjwa na uponyaji katika sanaa tangu kale. Wageni waheshimiwa walikuwa wakiguna kwa adabu mbele ya kila kitu, hata mbele ya mtungi wa zimamoto.

Mbodze alikuwa akikohoa tangu Pasaka. "Vumbi tu," alisema. Lakini alijipamba. Charo alikuwa amemfinyanga, mara ya kwanza tangu waoane, na alimkataza kuiona sanamu mpaka siku hiyo.

"Leo utajua nilivyo mzuri, Profesa," akanitania. Yeye peke yake ndiye aliyeniita hivyo. Mimi ni mhadhiri tu wa historia ya sanaa.

Tulipita picha ya tabibu wa Kizungu akimtoa mgonjwa damu, tukapita sahani za kombe zilizoandikwa aya kwa zafarani, za kuoshwa mgonjwa anywe. Tukafika kwenye vinyago vya udongo vya waganga wa kwetu.

"Mbona havina nyuso?" akauliza.

"Mganga hukifunga kinyago kwa kitambaa cha mgonjwa, maradhi yakahamia humo, kikatupwa njia panda. Ukikipa uso wa mtu, maradhi humfuata mwenye uso."

Nilisema kama nisemavyo darasani. Mambo hayo siyaamini.

Sanamu ya Mbodze ilikuwa chumba cha ndani. Uso wake hasa, hata kile kidoa cheusi juu ya mdomo. Kiunoni ilifungwa kipande cha leso.

Mbodze akainama kuitazama. Leso ile aliijua. Ni ya mavyaa wake, aliyejifunika nayo mwaka mzima akikohoa damu. Tangu Pasaka bibi huyo husonga sima mwenyewe. Sote tulimshukuru Mungu.

Charo alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Ungeniuliza," Mbodze akanong'ona.

"Ungekataa."

"Ni mamako. Labda ningekubali."

Charo akamsogelea. Akamwekea mtandio sawa begani, taratibu, kama mume mwema.

"Ivunjwe," nikasema.

"Imeshachomwa tanuuni," akasema. "Ukiivunja, wamvunja yeye."

Hospitali walimpima kila kitu. Hawakuona kitu. Mbodze alipungua. Sauti ikaenda. Kisha pumzi.

Siku ya mazishi mavyaa wake aliketi mkekani, mzima, mashavu yamejaa. Juu ya mdomo wake palikuwa na kidoa cheusi. Hapo awali hakuwa nacho.

"Kula, Profesa," akaniambia.

Sikula. Nilikwenda moja kwa moja Mji wa Kale. Sanamu ilikuwa pale pale, imekauka kama kigae. Juu ya mdomo, mahali pa kidoa, palikuwa na kitundu.

Nikatia kidole.

Kilitoka kimelowa damu.