Jina Kwenye Tangi

Kila alasiri, akitoka shuleni, Nekoye alikuwa na kazi moja asiyoipenda: kuchambua maharagwe. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Shida ni kwamba ilimtaka akae mahali pamoja, na miguu ya Nekoye haikujua kutulia. Alichambua akiwa amesimama, akachungulia nje, akazunguka jiko, akarudi kuchambua mengine matatu.

"Leo utatulisha mawe," alisema mama yake, Selpha.

Ndipo mgeni alipotokea mlangoni, mwanamume mrefu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye pancha.

"Hodi, mama. Mimi ni Mwalimu Kiilu, natoka Nairobi. Pale stesheni ya Ruiru wameniambia nimtafute Mzee Absalom, aliyekuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza."

"Ni jirani yetu huyo. Karibu uketi, mwalimu. Nekoye, kamwite babu yako."

Nekoye alikuwa ameshatoka mbio kabla mama hajamaliza.

Mzee Absalom hakuwa babu yake wa damu. Alitoka Bungoma kama wazazi wake Nekoye, na sasa alikuwa mlinzi kwenye shamba la kahawa alikofanya kazi baba yake. Alikuja akichechemea, amevaa kabuti lake zito la jeshini ingawa jua lilikuwa kali.

Mwalimu Kiilu alieleza haja yake. Wanafunzi wake arobaini walisoma habari za vita wakidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Alitaka kuwaleta siku moja waone mahali walipopita watu wao wenyewe. Asubuhi wangekuja Thika kwa treni, na wangerudi siku hiyo hiyo. Je, kulikuwa na nini cha kuwaonyesha?

"Thika kuna tanuri," alisema Mzee Absalom. "Wafungwa wa Kitaliano walilijenga ili waoke mikate. Na hapa Ruiru, juu ya kile kilima, kuna tangi la maji. Hilo tulilijenga sisi, mwaka wa arobaini, wiki moja kabla ya kupelekwa Uhabeshi. Saruji ikiwa bado mbichi, waliojua kuandika wakaandika majina yetu kwa msumari." "La ndugu yangu Tobias lipo pale. Yeye hakurudi, na kaburi lake silijui. Nimebaki na mwandiko wa mkono wake pale tu. Na kwa goti hili, mwaka wa nne sasa sijapanda."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Basi tutapanda na wewe, mzee. Lakini nahitaji mtu wa kunisaidia kupanga. Anisomee saa za treni ya kurudi kwenye ubao wa stesheni, aniandikie barua, na siku yenyewe awaongoze wenzake."

"Mimi!" Nekoye aliruka. "Mimi naweza, mwalimu!"

"Huyu?" Mama alicheka. "Labda kama hiyo kazi inafanywa kwa kukimbia."

Mwalimu naye alicheka. "Ukiifanya vizuri, tutarudi nawe Nairobi kwa treni." Mama alikubali, kwa kuwa dada yake, Nakhumicha, aliishi Shauri Moyo, huko huko Nairobi, na angeweza kumrudisha Jumapili.

Tangu azaliwe Nekoye alikuwa akisikia treni kila siku. Hakuwahi kupanda hata moja.

Mgeni alipoondoka, mzee alimshika mkono. "Watoto wa mjini wana haraka, na wewe vilevile. Mtaniacha njiani?"

"Sitakuacha, Babu. Kupanda na kushuka, nitakuwa nawe."

Kesho yake alikimbia stesheni. Ubao ulikuwa umeandikwa kwa chaki, treni nyingi, mistari mingi. Baba alikuwa amemwonya mara nyingi kwamba saa za reli ni za Kizungu, lazima uzigeuze. Lakini Nekoye alikuwa anawaza madirisha ya treni. Aliona 12.40 p.m., akaandika upesi, na jioni akaituma barua: *Treni ya kurudi Nairobi Jumamosi inapita Ruiru saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni.*

Jibu lilikuja na ratiba nzuri: Thika hadi saa nane, chakula, kisha lori la kanisa hadi Ruiru, tangi saa kumi, stesheni jioni. Nekoye aliisoma mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Usingizi ulimkimbia. Darasani alichora magurudumu pembeni mwa daftari.

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, yeye na rafiki yake Ngendo walikuwa wametoka shuleni kwa mapumziko ya mchana, wakiteka maji mtoni jua likiwa utosini. Treni ilipiga honi.

"Hiyo ndiyo ya Nairobi," alisema Ngendo. Baba yake Ngendo alikuwa mfagiaji wa stesheni.

"Hapana. Ya Nairobi ni ya jioni."

"Jioni hakuna ya Nairobi, wewe! Ni hiyo moja tu. Saa sita na dakika arobaini."

Mtungi ulimponyoka Nekoye. Kumi na mbili na dakika arobaini, saa ya Kizungu. Alikuwa hajaigeuza.

"Atiriri!" Ngendo alishika kichwa. Kisha akamsogelea. "Sikiza. Sema karani wa stesheni alifuta akaandika saa nyingine. Nani atajua?"

Siku hiyo Nekoye hakula. Alitoka nje, akaingia, akatoka tena. Akisema kweli, mwalimu hangemtaka tena. Akinyamaza, watoto arobaini wangekaa stesheni usiku wakingoja treni isiyokuwapo. Na akimsingizia karani, je? Karani alikuwa mtu mpole aliyemsogezea kiti asome ubao.

Ijumaa Mwalimu Kiilu alikuja kuhakikisha lori. Hakuwa hata ameegemeza baiskeli.

"Mwalimu, nimekosea," Nekoye alisema mbio mbio. "Treni ni ya mchana, saa sita na dakika arobaini. Sikugeuza saa. Ubao ulikuwa sawa, ni mimi."

Mwalimu alitoa ratiba na kalamu, akaanza kukata mistari.

"Chakula cha Thika kinatoka. Tangi nalo linatoka. Tutatoka kwenye tanuri moja kwa moja hadi stesheni."

"Tangi hapana!" Machozi yalimjaa. "Mwalimu, wapewe mikate, waile ndani ya lori. Mimi nitapanda na Babu mapema, mtukute huko juu. Nusu saa tu. Mwambie dereva angoje chini ya kilima."

Mwalimu aligeuza kalamu vidoleni. "Nusu saa," alisema mwishowe. "Na ukisikia honi, usingoje kuitwa."

Jumamosi asubuhi Nekoye alivaa viatu alivyoazimwa na Ngendo, akafunga nguo zake katika kitambaa, akampa mzee bega. Kila hatua kumi walipumzika, na Nekoye akamsimulia kosa lake la saa. Miguu ilimwasha atangulie, lakini hakutangulia.

Saa sita watoto wa Nairobi walipanda wakihema, mikate mikononi. Mzee Absalom alisimama kando ya tangi na kuwasomea majina moja moja kwa kidole, kwa sababu herufi hakuzijua ila alikumbuka kila jina lilipokaa. Alipofika kwa Tobias, msichana mmoja alicheka.

"Mzee, S imegeuka nyuma!"

"Na mimi nilimcheka siku hiyo, akihangaika na msumari," alisema mzee. "Akaniambia, wewe usiyejua hata moja, nyamaza." Watoto wote wakacheka, naye akacheka, akifuta macho kwa mkono wa kabuti. Kisha wakaja mmoja mmoja, wakaigusa ile S.

Honi ililia mbali, upande wa Juja.

"Kwenye lori! Wote!" Mwalimu alipaza sauti. Watoto waliteremka kama mawe. "Nekoye, treni haitatungoja!"

"Nenda, mjukuu wangu," alisema mzee. "Mimi nitashuka kwa makalio kama mtoto mchanga."

Nekoye alikimbia hadi kwenye kona ya njia. Hapo aligeuka. Mzee alikuwa ameshikilia ukuta wa tangi, mguu mmoja ukitafuta chini bila kupaona.

"Nendeni, mwalimu!" Nekoye aliita. "Nilimwahidi kushuka naye!"

Mwalimu Kiilu alisita, akaitazama saa yake, kisha akainua kofia yake juu kwa heshima na kukimbia.

Nekoye alivua viatu ili asiteleze, akampa mzee bega. Walikuwa bado juu treni ilipotoka stesheni na kupita chini yao. Mikono mingi ilipunga madirishani, na Nekoye alipunga mpaka moshi ukaisha.

"Umekosa Nairobi," alisema mzee.

"Ndiyo, Babu."

"Nikuambie kitu. Ungeficha kosa lako, usiku wa leo watoto wale wangekuwa stesheni kwenye baridi, wakingoja treni iliyopita mchana. Haraka yako ilikukosesha, lakini ukasema kweli mapema, ikatosha kurekebisha. Kila mtu hukosea saa, mjukuu wangu. Mwaminifu husema kabla treni haijapita." Alishika bega lake vizuri. "Na neno ulilonipa, umelishika."

"Bado, Babu," alisema Nekoye. "Hatujafika chini."

Wakashuka, hatua kumi, kisha wakapumzika.