Umekubali Haraka Mno

"Umefuata nini hapa?" Mwalimu alinong'ona, wanafunzi wasisikie.

"Nimekuja kusoma," akajibu fundi wa majokofu, mchumba wake. "Simu hupokei, nifanyeje?"

Juzi Mwalimu alikuwa amemtumia ujumbe: "Nimepangiwa kufundisha mji mwingine."

Jibu lilikuja hapo hapo: "Sawa, nenda."

Basi! Wala hakuuliza lini. Mwalimu alilia mpaka mto ukalowa. Anayekupenda hakuachi kirahisi hivyo.

Akameza uchungu, akamketisha mbele ya kompyuta. Darasani kwake watu walijifunza kujadiliana kwa mchezo: unapewa kisa, unabishana na mtu wa kwenye skrini, na mchezo wenyewe unakukosoa.

Kisa cha fundi kikatokea: "Mshirika wako anataka kuhamishia duka lenu mji mwingine. Mjibu."

Fundi akaandika: "Sawa, hamisha."

Skrini ikawa nyekundu: "Umekubali haraka mno. Hujasema unachotaka, wala hujauliza mwenzako anataka nini."

"Huyu akiibiwa mbuzi, atamkimbiza mwizi ampe na kamba!" alisema mama muuza mitumba. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka.

"Kwa nini umekubali?"

"Niliona ndiyo heshima. Ningemwambia abaki, ningekuwa nimemkata mabawa."

"Kwani ulitaka abaki?"

Fundi akainamisha kichwa. "Nilitaka aniulize kama nitamfuata."

Kila siku Mwalimu aliwafundisha watu kuuliza, na yeye hakumuuliza mtu wake hata swali moja.

"Jamani," mama mitumba akanong'ona, "hapo bado ni habari za duka?"

Mwalimu akavuta kiti, akakaa karibu na fundi.

"Na wateja wako je?"

"Majokofu yanaharibika kila mji."

"Basi nakuuliza leo. Utanifuata?"

"Nitakufuata. Ila nina sharti."

"Lipi?"

"Tufunge ndoa kwanza, ndipo tuhame."

Mwalimu akafungua mdomo, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimuuu!" mama mitumba akapiga kelele. "Usikubali haraka!"

Mwalimu akajifuta macho huku akicheka. "Haya, na mimi nina langu. Jambo likikuuma, uniambie limekuuma. Usinijibu 'sawa' ukaenda kununa peke yako na majokofu yako."

"Sawa," akasema fundi.

"Haraka mnooo!" likaitika darasa zima.

Fundi akakuna kichwa. "Basi ngojeni niulize kwanza. Mpenzi, hiyo ndoa unaitaka lini?"