Jembe Lenye Pete Mbili

"Infant," alisema Luciana, akaifunga kamusi kwa kishindo. "Ndilo jina lako kuanzia leo, Mwalimu."

Gaspari akaacha kufuta ubao. Mwenyewe ndiye aliyemfundisha: Waingereza walilitoa neno hilo kwenye Kilatini, kikanushi in- kikatangulia kitenzi cha kusema, maana yake asiyesema. Ndiyo maana mtoto mchanga akaitwa hivyo. Tangu wahamie kijiji hiki kipya karibu na Sepuka, kila jioni walikaa darasani, mlango wazi, wakiyafumua maneno ya namna hiyo. Enemy, alimwambia juzi, asili yake ni asiye rafiki. Uncouth zamani alikuwa asiyejulikana tu, kisha watu wakaona asiyejulikana hawezi kuwa na adabu. Maneno yote hayo mwalimu anayo, Luciana aliwaza, la posa hana.

"Nimekosa nini?"

"Kesho wazee wa Ignas wanakuja kwa baba kuniposa. Nami miezi saba nangoja mtu mzima afungue mdomo."

Luciana hakuwa ametulia tangu aisikie habari hiyo juzi. Asubuhi alitia chumvi kwenye uji mara mbili, nyumba nzima ikamnunia.

Gaspari akaketi kwenye dawati la watoto.

"Nilishaposa, Luciana. Mjomba wangu Alute alileta jembe kwenu Agosti. Siku saba zikapita, halikurudi. Nikajua baba yako amekubali, nikawa nangoja aniite."

Desturi ya koo zao Luciana aliijua. Jembe jipya huegemezwa ukutani kwa baba wa binti alfajiri, bila neno. Asiyetaka hulirudisha ndani ya siku saba. Aliyekubali humwita kijana, na kijana akisema kabla ya kuitwa, ameharibu.

"Agosti siku gani?"

"Siku mliyohama."

Luciana aliikumbuka alfajiri ile: lori lilifika kukiwa bado giza. Vyombo, kuku na majembe vikatupwa juu, na majembe yote yakaishia stoo ya kijiji, ya kulimia shamba la ujamaa.

"Lina alama?"

"Pete mbili kwenye mpini. Nilizichoma kwa chuma cha moto."

Luciana akavitazama viganja vyake. Jembe lile aliligombania stoo kila Jumatatu, kwa kuwa mpini wake haukumchubua. Alikuwa amelilimia mtama tangu mvua za kwanza.

Hakuaga. Alikimbia stoo, akalichukua, akafika nalo nyumbani anahema. Mzee Mughwai alikuwa akisuka kamba ya kitanda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unakimbizwa na nani?"

Akamweleza yote. Baba akikataa, kesho ni Ignas. Mzee akalipokea jembe, akapapasa zile pete, akapapasa na makali yaliyolika.

"Nililirudisha?"

"Hapana, baba."

"Siku saba zilipita?"

"Ilipita miezi saba."

"Nawe umelilimia?"

"Kila wiki."

Mzee akaliingiza ndani, akaliegemeza kichwani pa kitanda chake. Kisha akatoka.

"Nitatuma neno kwa kina Ignas leo hii, wasijichoshe. Wamechelewa."

Gaspari alikuwa amemfuata Luciana, amesimama nje ya ua, mikono nyuma, kimya kama desturi ilivyomtaka.

"Mwalimu," mzee akaita, "pita ndani. Sasa sema."

Gaspari akafungua mdomo. Midomo ikamcheza, neno halikutoka. Luciana akacheka huku machozi yakimtoka, akaenda kumshika mkono mbele ya baba yake.